Zinfandel Ilifikaje California?

Katika bonde la Dry Creek, kaunti ya Sonoma, kaskazini mwa California, kuna viwanda vidogo vya mvinyo vilivyojichagulia kazi moja: kukamua Zinfandel, na pamoja nayo aina za Kiitalia kama Barbera na Sangiovese. Majina ya ukoo kwenye malango mengi ni ya Kiitalia. Niliuliza asili ya Zinfandel katika kiwanda kimojawapo, na jibu likaja bila kusita: waliileta mababu kutoka Italia. Tulikuwa tumesimama kati ya mizabibu mizee isiyotegemezwa kwa waya wala nguzo, mashina yake manene kuliko paja la mtu mzima. Jibu lilipendeza. Lakini Barbera ni ya Piemonte na Sangiovese ni ya Toscana, na wakulima wa huko watakuonyesha vilima vyake. Zinfandel je, ni ya mkoa gani wa Italia?

Nilianza na njia ya watu kabla ya njia ya mizabibu. Wataliano waliohamia kaskazini mwa California katika nusu ya pili ya karne ya 19 wengi walitoka kaskazini mwa nchi yao: Liguria, Piemonte, na Lucca na vijiji vyake. Makazi ya Asti, hapo hapo Sonoma, yalianzishwa 1881 ili wahamiaji wa Kiitalia wapate ardhi ya kulima zabibu. Tarehe hiyo inaleta tatizo. Huko Amador, chini ya milima ya Sierra Nevada, lipo shamba la Zinfandel lililotajwa katika hati ya ardhi ya 1869. Watu wa Asti waliikuta zabibu hii imekwisha kushika mizizi. Basi nani aliipanda kabla yao?

Hapo nikakutana na masimulizi ya pili, ambayo kwa muda mrefu ndiyo yaliyorudiwa kwenye vitabu na magazeti. Yanamhusu mhamiaji mwenye cheo kutoka Hungaria. Aliingia Marekani 1840, akafika California 1849, na 1857 akaanzisha shamba kubwa la mizabibu Sonoma. Mwaka 1861 alisafiri Ulaya, akarudisha vipando zaidi ya 100,000. Wanaosimulia husema Zinfandel ni zawadi yake kwa California. Wengine huiweka kwenye safari hiyo ya 1861, wengine hurudi nyuma hadi 1852. Hadithi ina mvuto wake wote: mtu shupavu, bahari, na kifo cha ajabu, maana alipotea Nicaragua 1869, ikasemekana alianguka mtoni akaliwa na mamba. Lakini nani aliyekuwa wa kwanza kuandika kwamba zabibu hii ni yake?

Ni mwanawe, katika miaka ya 1880, baba akiwa amefariki zamani. Mapenzi ya mtoto kwa mzazi sina haja ya kuyahoji. Ninachohoji ni tarehe. Mwaka 1852 mwana huyo alikuwa na umri wa miaka 12 hivi, na mambo aliyoyaeleza aliyaeleza miaka 30 baadaye. Kisha ipo orodha ya aina ambazo baba mwenyewe alizitangaza baada ya safari yake ya Ulaya. Ni orodha ndefu, ya mtu anayejivunia kila mche. Zinfandel haimo. Wapo watakaosema kwamba kutotajwa si ushahidi, na wana haki. Karatasi huweza kusahau. Kwa hiyo nilihitaji karatasi ya aina nyingine, inayotaja jina hilo wakati mhamiaji wetu angali kwao. Je, iko karatasi ya Marekani yenye jina la Zinfandel kabla ya 1840?

Iko, ila si California. Iko upande wa pili wa bara, kwenye pwani ya Atlantiki. Mwanahistoria mmoja wa California aliifungua njia hii kwa subira kubwa, nami nilifuata nyayo zake nikikikagua kila kituo. Mwaka 1830 mwenye kitalu wa Flushing, Long Island, alichapisha kitabu juu ya mizabibu, na ndani yake imo zabibu nyeusi ya Hungaria iitwayo Zinfardel. Wakati huo huo Boston ilikuwa ikiuziwa Zenfendal. Kufikia 1835, mwenye kitalu mashuhuri wa mji huo alikuwa akiwapendekezea wateja wake Zinfindal. Tahajia tatu katika miaka mitano, na yule wa Hungaria hajapanda meli bado. Masimulizi ya pili yaliishia hapo. Lakini Boston hufunikwa na theluji kila mwaka. Mzabibu huu ulikuwa ukifanya nini huko?

Ulikuwa ndani ya nyumba. Matajiri wa New England walijenga nyumba za vioo, wakazipasha moto, wakavuna zabibu za kula mezani mapema kama mwezi wa Juni, wakati mashambani zabibu zilikuwa hazijaanza hata kubadilika rangi. Zinfandel ya kwanza ya Marekani, basi, ilikuwa tunda la sahani. Ilipimwa kwa sura ya kishada na utamu wa punje. Mambo ya pipa hayakumhusu mtu. Habari ya kutengeneza mvinyo kwa zabibu hii inajitokeza katika kitabu cha kilimo cha 1848, karibu miaka 20 baada ya jina kuonekana. Nilikaa sana na vitabu hivi, kwa sababu vinavunja dhana ambayo hata mimi nilikuwa nayo, kwamba mzabibu wa mvinyo husafirishwa na mtu anayetaka mvinyo. Kama si mkamuaji, ni nani aliyeuvusha Atlantiki?

Njia inaelekea kwa mwenye kitalu mwingine wa Long Island. Katika miaka ya 1820 aliagiza vipando kutoka Vienna, kwenye mkusanyo wa mimea wa mfalme wa Austria huko Schönbrunn. Mkusanyo huo ulikuwa na mizabibu kutoka kila pembe ya milki, na Hungaria ilikuwa sehemu ya milki hiyo. Ndiyo maana neno Hungaria liko kwenye kitabu cha 1830. Mwaka huo wa 1830, vipando vya mtu huyu vilikuwa vimefika Flushing na Boston. Kila kitu kinakaa mahali pake, na mtafutaji mvivu angesimama hapa na kusema kazi imekwisha. Mimi nilitaka kuuona mzabibu wenyewe katika mashamba ya Hungaria. Je, upo huko?

Nilichokipata ni jina linalofanana, kwenye mmea mwingine. Austria wana zabibu iitwayo Zierfandler, na Wahungaria huiita Cirfandli. Sikio linafurahi, jicho linakataa. Zierfandler hutoa mvinyo mweupe, na Zinfandel ni nyeusi. Hazina hata undugu wa karibu. Inawezekana kabisa kwamba kibandiko cha mmoja kiliangukia kwenye fungu la mwingine, ama Vienna, ama kwenye meli, ama katika kitalu cha Long Island. Ni dhana yenye akili na wengi wanaikubali. Mimi naiweka kando kama dhana, kwa sababu inaeleza jina na haielezi mmea. Kwa hiyo niliacha Ulaya kwa muda nikarudi kwenye swali lililokuwa rahisi zaidi: mzabibu wa nyumba za vioo ulivukaje bara hadi California?

Ulifuata dhahabu. Baada ya 1849, kila aliyekuwa na chombo au mtaji alitazama San Francisco, na wauza miche hawakubaki nyuma. Nahodha mmoja aliyekuwa pia mfanyabiashara alipeleka mizabibu ya Massachusetts California mwanzoni mwa miaka ya 1850. Miche yake ilifika shamba la Oak Knoll, kaskazini kidogo ya mji wa Napa, na mvinyo wa huko ukasifiwa 1857. Mwenye kitalu wa Flushing, yule yule wa kitabu cha 1830, alikwenda California mwenyewe, na 1859 akaandika kwamba zabibu waliyokuwa wakiiita Black Sonoma ni Zinfandel yake. Kulikuwa pia na Black St. Peter's, iliyodhaniwa kuwa aina tofauti, hadi wakulima walipoziweka bega kwa bega katika miaka ya 1870 na kuona ni kitu kimoja. Majina yanazidi kuongezeka, mmea unabaki ule ule. Je, jina linaweza kuaminiwa hata kidogo?

Mkulima wa muhogo angenijibu haraka kuliko maktaba. Muhogo hupandwa kwa pingili. Anayepewa pingili na jirani hupata mmea ule ule wa jirani, kisha akifika kwao huupa jina la mtu aliyempa, au la kijiji, au la rangi ya shina. Mzabibu nao hupandwa kwa pingili. Mbegu ya zabibu huzaa mtoto asiye nakala ya mama, hivyo anayetaka Zinfandel hukata kijiti na kukipanda. Kwa hiyo kila mzabibu wa Zinfandel uliopo leo ni kipande cha mmea mmoja ulioota mahali pamoja, zamani sana, kutokana na mbegu moja. Karatasi hubadilisha tahajia. Kijiti hakibadilishi mengi. Nikaona nimekuwa nikisoma shahidi dhaifu na kumwacha aliye imara. Mmea wenyewe ungesema nini ukiulizwa?

Ulianza kuulizwa kwa bahati. Mwaka 1967 mtafiti wa magonjwa ya mimea kutoka Davis, California, alikuwa Bari, kusini mwa Italia, katika mkoa wa Puglia. Akapewa mvinyo wa huko uitwao Primitivo, akaona ladha yake inamkumbusha Zinfandel. Akaomba kuonyeshwa mashamba, akaitambua mizabibu ile kwa macho. Vipando vikapelekwa Davis 1968 na kupandwa karibu na Zinfandel. Waliosoma majani na vishada hawakuona tofauti ya maana. Uchunguzi wa vimeng'enya wa 1975 ukaelekea huko huko. Na 1994 vinasaba vikathibitisha kwamba Primitivo na Zinfandel ni aina moja. Nilipofika ukurasa huu nilisimama kidogo. Je, ile familia ya Dry Creek ilikuwa na haki tangu mwanzo?

Nilirudi kwenye ramani na tarehe. Puglia iko kisiginoni mwa Italia, mbali na Liguria na Piemonte walikotoka wakulima wa kwanza wa Kiitalia wa Sonoma. Masimulizi ya Puglia yenyewe husema kwamba mwishoni mwa karne ya 18 padri mmoja wa Gioia del Colle aliona katika shamba lake mzabibu unaoiva kabla ya mingine, akauchagua na kuupanda peke yake. Vipando vyake vilifika Manduria 1881, inasemekana kama sehemu ya mahari ya bibi harusi wa nyumba ya kikabaila. Sina hoja ya kuyakataa masimulizi haya. Ila yanasema padri aliuona mzabibu shambani. Hayasemi ulizaliwa hapo. Na ng'ambo ya bahari ya Adria, mkabala na Puglia, kuna pwani nyingine yenye mizabibu. Je, Italia nayo ilikuwa kituo tu cha njiani?

Mtengenezaji mmoja wa mvinyo wa Napa, mzaliwa wa Dalmatia aliyefika California 1958, alikuwa akisema hivyo kwa miaka mingi. Zinfandel ilimkumbusha Plavac Mali, zabibu nyeusi ya kwao. Watu wa Dalmatia waliipokea dhana hiyo kwa furaha, na kwa miaka kadhaa magazeti ya mvinyo yaliiandika kana kwamba imethibitishwa. Mwaka 1998 watafiti wa Davis wakaungana na wenzao wa Zagreb, wakapita pwani na visiwa wakikusanya majani ya Plavac Mali, sampuli zaidi ya 100. Hakuna hata moja iliyolingana na Zinfandel. Njia ikaziba. Hata hivyo majani hayo yalikuwa na jambo lisilotazamiwa: Plavac Mali ni mtoto, aliyezaliwa na Zinfandel na zabibu nyingine iitwayo Dobričić, ya kisiwa cha Šolta. Mtoto yuko Dalmatia, mzazi mmoja yuko Dalmatia. Mzazi wa pili angewezaje kuwa hajawahi kufika hapo?

Ushahidi wa namna hii ndio niupendao. Hausemi mahali hasa pa kutafuta, lakini unakukataza kuondoka. Watafiti hawakuondoka. Waliacha mizabibu maarufu wakaanza kuulizia ile mizee, ya pembezoni mwa shamba, ambayo mwenyewe huijua kwa jina la babu yake tu. Mwaka 2001, katika shamba la Kaštel Novi, karibu na mji wa Split, vinasaba vikalingana. Zabibu hiyo pale huitwa Crljenak Kaštelanski. Ilikuwa mizabibu 9 tu, imechanganyika na maelfu ya mingine. Mwaka uliofuata ikapatikana mingine karibu na Omiš, na huko waliiita Pribidrag. Mizabibu 9 inaweza kuwa mabaki ya kale. Inaweza pia kuwa zawadi iliyoletwa juzi na baharia. Ushahidi wa zamani zaidi ungetoka wapi?

Ulitoka kwenye majani makavu. Jumba la makumbusho la Split lilikuwa limehifadhi majani ya mizabibu yaliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi miaka 90 hivi kabla ya kuchunguzwa, kila karatasi na jina lake. Mwaka 2011 vinasaba vya jani lililoandikwa Tribidrag vilisomwa. Ni Zinfandel. Na Tribidrag si jina jipya: hati za Dalmatia za karne ya 15 zinalitaja. Hapa hatimaye karatasi na mmea vilikutana, shahidi dhaifu na shahidi imara wakisema neno moja. Kwa mtu aliyefuata tahajia kutoka Flushing hadi Adria, furaha yake ni kubwa, na furaha ni hatari kwa mtafutaji. Je, niikubali Dalmatia kuwa ndiyo kwao?

Kusini kidogo, Montenegro, kuna zabibu ya kale iitwayo Kratošija, na vinasaba vyake ni vile vile. Watu wa huko nao wanasema ni yao, na hawasemi bila hoja. Mipaka ya leo haikuwapo mzabibu huu ulipoota, wala haukupewa pasipoti. Mimi huegemea Dalmatia kwa sababu ya jamaa: mzabibu uliokaa mahali karne nyingi huzaa na majirani, na Plavac Mali ni mtoto wa hapo hapo. Ila huko ni kuegemea, si kukata shauri. Nisemalo kwa uhakika ni pwani ya mashariki ya Adria. Na hilo lilinifungulia swali zito kuliko la asili: nyumbani ilibaki mizabibu ya kuhesabiwa kwa vidole, ugenini California ilijaza mabonde. Kwa nini?

Dalmatia ilipigwa na filoksera, mdudu anayekula mizizi ya mizabibu. Mashamba yalipopandwa upya, wakulima walichagua, na Plavac Mali akachukua nafasi ya mzazi wake. Ukiwa shambani unaweza kuelewa. Kishada cha Zinfandel huiva vibaya: punje mbichi, punje mbivu na punje zilizokwisha kunyauka hukaa pamoja, na ngozi yake nyembamba huoza mvua ikija. Sonoma nayo ilipigwa na mdudu huyo huyo. Lakini huko walibandika vikonyo vya Zinfandel juu ya mizizi ya Kimarekani inayostahimili, wakaendelea. Kisha likaja pigo la pili: kuanzia 1920 hadi 1933 pombe ilipigwa marufuku nchini Marekani, na viwanda vikafungwa kwa mamia. Mzabibu wa mvinyo ungeponaje mahali ambapo mvinyo ni haramu?

Hapa ndipo Wataliano wanapoingia kwa haki yao yote, na nafurahi kuiandika sehemu hii. Sheria iliacha mwanya: mkuu wa kaya aliweza kukamua nyumbani hadi galoni 200 kwa mwaka, yapata lita 757. Treni zilibeba zabibu kutoka California hadi Chicago na New York, na kwenye vituo vya mizigo walisubiri wahamiaji wa Kiitalia, kila mmoja na mashine yake ya kukamulia chini ya nyumba. Zinfandel ilisafiri vibaya kuliko Alicante Bouschet yenye ngozi ngumu, lakini wanunuzi waliijua na waliitaka. Familia za Dry Creek ziliendelea kupogoa mizabibu mikuukuu wakati majirani waking'oa yao na kupanda matunda mengine. Baadaye, katika miaka ya 1970, ukaja mtindo wa kuikamua Zinfandel kuwa mvinyo mtamu wa rangi ya waridi, na wapo wanaoudharau. Mimi siudharau, kwa sababu uliipa mizabibu mizee soko wakati mvinyo mwekundu mzito ulikuwa haununuliwi. Kama Wataliano ni watunzaji na Adria ni chimbuko, kipande gani cha njia bado kina giza?

Ni kile cha kati, kutoka Adria hadi Vienna. Dalmatia iliingia chini ya Austria 1797, Jamhuri ya Venice ilipoanguka. Ikapita mikononi mwa Wafaransa, ikarudi Austria. Kwa hiyo katika miaka ya 1820 afisa wa kilimo aliyekuwa Split angeweza kutuma fungu la vijiti Schönbrunn kama mali ya milki, bila kuvuka mpaka wowote. Vinasaba haviwezi kunisaidia hapa. Vinathibitisha nani ni nani, havisemi nani alipita wapi. Karatasi za New York zinataja Hungaria, hazitaji Dalmatia. Jina la kutafuta katika madaftari ya Vienna, basi, si Zinfandel. Ni Tribidrag, au Pribidrag, au jinsi karani wa Kijerumani alivyoyasikia maneno hayo kutoka kwa mtu wa pwani. Je, karani huyo aliandika alichoambiwa, au alibandika jina la zabibu aliyokuwa akiijua tayari?